Tuzo ya Rais Isigeuke Mbio za Vyeti

Mtoto wa shule ya sekondari ya bweni nchini Kenya huamka gizani. Kengele ya kwanza humkuta hajamaliza usingizi wake, na jua linapochomoza tayari ameketi mbele ya kitabu. Atasoma mpaka adhuhuri, atasoma mpaka alasiri, na baada ya chakula cha jioni atarudi tena darasani kwa masomo ya usiku. Hatimaye miaka yote hiyo hupimwa kwa mtihani, na mtihani huo ndio utakaoamua kama jamaa zake watachinja mbuzi au watanyamaza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mtoto alikuwa akinyang'anywa hata siku zake za kupumzika. Lakini sheria peke yake haiwezi kung'oa imani iliyokwisha ota mizizi katika nyumba za watu, nayo ni kwamba thamani ya mtoto ni alama zake.

Matokeo ya imani hiyo anayajua kila mwalimu. Yupo mwanafunzi hodari anayepata alama mbaya mara moja tu, akavunjika moyo kiasi cha kukataa chakula. Yupo anayetoroka kwa sababu ya neno moja aliloambiwa na mwenzake. Na zipo nyakati ambapo uchungu wa wengi hukusanyika ukawa moto. Mwezi Machi 2001, katika shule ya Kyanguli wilayani Machakos, moto uliowashwa bwenini usiku uliua wavulana 67. Mwaka 2016, katika muhula mmoja tu, shule zaidi ya mia moja nchini zilipata hasara ya majengo yaliyochomwa. Nyuma ya moto huo kuna mambo mengi: msongamano wa mabweni, chakula kibovu, uongozi usiosikiliza, hofu ya mtihani, na uovu wa watu wachache. Ingekuwa upuuzi kudai kwamba mpango wowote wa shughuli za nje ya darasa ungeweza kuuzima. Hata hivyo swali linabaki palepale. Mtoto anayelemewa na dhiki hujifunzia wapi namna ya kuibeba bila ya kujidhuru wala kuwadhuru wenziwe? Katika ratiba ya shule hakuna kipindi chenye jina hilo.

Jibu moja, wala si la jana, limekuwapo nchini tangu mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Uhuru, pale Mzee Jomo Kenyatta alipozindua mpango ambao leo unajulikana kama Tuzo ya Rais. Tangu hapo kila Rais wa Kenya amekuwa mlezi wake, na mwaka 2017 Bunge liliupitishia sheria yake mahsusi, ukawa shirika la umma. Watumishi wengi wa serikali wanaijua Tuzo hiyo kwa picha za vijana waliovalishwa nishani siku ya sherehe. Walio wachache zaidi wanajua kijana hufanya nini hasa hata akaipata, na hapo ndipo penye faida yake.

Mpango ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24, nao una ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Katika kila ngazi kijana hutakiwa kufanya mambo manne. La kwanza ni kuihudumia jamii yake bila malipo. La pili ni kujifunza stadi fulani, iwe ufundi wa baiskeli, ufugaji wa nyuki, ushonaji au kupiga zumari. La tatu ni mazoezi ya mwili. La nne ni safari ya kujasiri, ambayo kijana huifanya pamoja na kikundi kidogo cha watu wanne hadi saba, kwa nguvu zao wenyewe, bila ya gari. Safari ya shaba ni siku 2 na usiku 1, ya fedha siku 3 na usiku 2, na ya dhahabu siku 4 na usiku 3. Anayetaka dhahabu huongezewa jambo la tano: kuishi na kufanya kazi siku 5 mahali pasipo pa kwao, pamoja na watu asiowazoea.

Mambo hayo manne ukiyatazama moja moja si mageni shuleni. Chama cha wanyamapori kipo, kwaya ipo, uwanja wa mpira upo. Kinachoitofautisha Tuzo na vyama hivyo ni mambo mawili ambayo husahauliwa upesi. Kwanza ni muda. Kijana hutoa kiasi cha saa moja kila wiki, wiki baada ya wiki, na hapana njia ya mkato: anayeanzia shaba hawezi kuimaliza kabla ya miezi 6, anayeingia fedha moja kwa moja huhitaji miezi 12, na dhahabu miezi 18. Mwenye kipaji hapewi ruhusa ya kumaliza mapema. La pili, nalo ni kubwa zaidi, ni kwamba hakuna mashindano. Kijana hujiwekea lengo lake mwenyewe, akiongozwa na mtu mzima, na hupimwa kwa lengo hilo wala si kwa mbio za jirani yake. Mvulana mnene anayeweza kukimbia nusu kilomita tu, akajitahidi mpaka akafika kilomita mbili, amefuzu. Msichana mwenye mguu mmoja naye ana safari yake. Katika nchi ambamo mtoto hupangwa nambari darasani tangu akiwa mdogo, hii ni ajabu ya kupendeza.

Asili ya mawazo haya yafaa ielezwe, kwa maana wapo wanaoyashuku kuwa ni mabaki ya ukoloni. Aliyeyatunga ni mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 katika ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1920 alishirikiana na Mwana-mfalme Max wa Baden kuanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Manazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 aliwapinga hadharani, akatiwa kizuizini, kisha akahamia Uingereza. Mwaka uliofuata akafungua shule ya Gordonstoun huko Uskoti. Hahn aliamini kwamba maisha ya kisasa yanawadhoofisha vijana kwa namna sita: mwili unalegea, moyo wa kuanzisha jambo unafifia, kumbukumbu na ubunifu vinapungua, umakini wa kazi za mikono unapotea, nidhamu ya nafsi inakwisha, na huruma inakufa. Hiyo ya mwisho aliiona kuwa mbaya kupita zote. Mwaka 1936 alianzisha beji ya Moray, iliyodai mazoezi, safari, kazi ya mikono na huduma, na kutokana na mbegu hiyo mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake, Mwana-mfalme Philip, alianzisha tuzo ya Uingereza mwaka 1956. Mwendeshaji wake wa kwanza alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Ilianza kwa wavulana peke yao, wasichana wakaingia mwaka 1958.

Mawazo ya Hahn yalifika Afrika Mashariki hata kabla ya Uhuru, kwa njia ya shule ya mafunzo ya milimani iliyofunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ni kweli kwamba mpango una damu ya kigeni. Lakini chombo hakihukumiwi kwa aliyekichonga, bali kwa kazi kinayoifanya baharini. Serikali ya mwaka 1966 ingeweza kuufuta. Badala yake iliuchukua, ikaupa jina la nchi na kuuweka chini ya kiongozi wa taifa. Na mzee yeyote aliyepita jandoni hahitaji kufundishwa na Mjerumani kwamba kijana hukomaa anapopewa jukumu la kweli, pamoja na rika lake, mbali kidogo na mama yake, huku mkubwa mwenye kuaminika akimwangalia.

Jambo hilo la mkubwa mwenye kuaminika lina ushahidi wa kitaalamu pia. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa kwao hadi walipofika umri wa miaka 40. Baadhi yao walizaliwa katika dhiki nzito: ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili nyumbani. Wengi wa hao walipata taabu maishani, kama ilivyotarajiwa. Lakini kiasi cha theluthi moja yao walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wenye kujiamini na wenye kuwajali wengine. Walipochunguzwa walikutwa na mambo yanayofanana. Kila mmoja alikuwa amempata angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwalimu. Wengi walikuwa na kitu wanachokipenda na kukifanya vizuri. Na wengi walikuwa wamewahi kutwikwa kazi ambayo wengine waliitegemea, kama kulea wadogo zao au kuendesha nyumba mama alipougua. Mwalimu atakayeilinganisha orodha hiyo na masharti ya Tuzo ataona kwamba stadi, huduma na kiongozi mtu mzima zote zimo.

Hapo huja pingamizi la haki kutoka mashambani. Binti wa Turkana anayekwenda mwendo mrefu kuteka maji, mvulana anayechunga mbuzi jua kutwa, mtoto yatima anayewapikia nduguze kabla ya kwenda shule, hao tayari wanastahimili kuliko kijana yeyote wa Uskoti. Je, wavalishwe nishani kwa kupiga hema usiku mmoja? Pingamizi hili lisipuuzwe. Mzigo asiouchagua mtoto, usio na mwisho, na ambao hakuna anayemwuliza aliubebaje, mara nyingi humkomaza upande mmoja na kumvunja upande mwingine. Anachokikosa binti huyo si taabu. Anakosa nafasi ya kuchagua jambo, kulipanga, kulitimiza, na kusikia mtu akisema kwamba limetimizwa. Isitoshe, masharti ya Tuzo ni mapana kuliko yanavyotangazwa. Kuwafundisha watu wazima kusoma ni huduma. Kupanda mikoko katika pwani ya Lamu au Kwale ni huduma. Kufuga kuku kwa hesabu na daftari ni stadi. Kiongozi mwenye busara ataanza na yale ambayo mtoto anayajua tayari.

Tatizo ni kwamba busara hiyo haipatikani kila mahali, na Tuzo inakabiliwa na hatari ambazo ni heri zitajwe waziwazi.

Hatari ya kwanza ni karatasi. Kenya imekwisha onja uchungu wa vyeti visivyo na kitu nyuma yake. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika mtihani wa KCSE. Mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa na mianya ya wizi kuzibwa, waliopata A walikuwa 141. Tarakimu hizo mbili zinaeleza kwa ufupi jinsi shule, wazazi na hata baadhi ya wasimamizi walivyokuwa wamekubaliana kuwafundisha watoto kwamba udanganyifu ni sehemu ya elimu. Sasa Tuzo inategemea daftari la kumbukumbu, ambalo siku hizi hujazwa pia katika kompyuta, na humo kijana huandika saa alizotumikia na kiongozi hutia sahihi. Ni rahisi mno daftari hilo kujazwa jioni moja, saa 13 za huduma zikaandikwa na watu wasiowahi kushika ufagio, kwa sababu sherehe imekaribia na mwalimu mkuu anataka idadi. Mtoto anayeshuhudia hayo amepata somo, nalo ni kinyume kabisa cha lile lililokusudiwa. Afadhali shule iwe na vijana sita waliofuzu kweli kuliko sitini waliofuzu kwa kalamu. Afisa wa elimu anayepokea ripoti angefanya vyema kupunguza kuuliza ni wangapi wamepata shaba, akauliza ni wangapi waliojaribu wakashindwa kisha wakaanza upya. Shule isiyo na hata mmoja wa namna hiyo yafaa kutembelewa.

Hatari ya pili ni fedha. Safari huhitaji mahema, mashanta, dira, ramani, viatu vya kutembelea na chakula, na shule yenye wazazi wenye uwezo huvipata bila ya jasho. Shule ya kutwa iliyo pembezoni mwa mji, ambamo hata karo ya chakula cha mchana hulipwa kwa vipande, itavipata wapi? Mambo yakiachwa yaende yenyewe, Tuzo itakuwa pambo la shule za bweni zenye majina, na kijana wa Mathare atazidi kuamini kwamba milima iliumbwa kwa ajili ya watoto wa matajiri. Wala hapana ulazima wa mlima. Sheria za mpango hazisemi kwamba safari ifike kilele cha Mlima Kenya. Zinasema vijana wafunzwe, wafanye safari ya mazoezi kwanza, waende mahali wasipopazoea, wajitegemee, na wawe na kusudi. Njia ya miguu kutoka kijiji hadi kijiji, vijana wakilala katika madarasa ya shule za msingi na kuandika habari za chemchemi za maji walizozipita, inatimiza hayo yote. Mahema kumi yakinunuliwa na kuwekwa katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, yakaazimwa na shule kwa zamu, yatatumika mwaka mzima. Yakinunuliwa na kila shule peke yake, yatalala stoo na kuliwa na panya. Hili ni jambo la utawala tu, nalo liko katika uwezo wa watumishi waliopo.

Usalama nao usichukuliwe kwa wepesi. Mito hufurika, radi hupiga, na nyati hajui kwamba anayepita ni mwanafunzi. Kikundi hutakiwa kujitegemea, lakini msimamizi lazima awe karibu kiasi cha kufika upesi, mzazi awe ametoa idhini kwa maandishi, na zahanati ya njiani ijulikane. Kwa wasichana lazima awepo mwalimu wa kike, na choo na maji ya kuogea vipangwe kabla ya safari wala si baada ya giza kuingia. Shule kadhaa huwanyima wasichana safari kwa kisingizio cha kuwalinda, kumbe zinakwepa kazi ya kupanga.

Hatari ya tatu, ambayo ndiyo mzizi wa hizo nyingine, ni mwalimu aliyechoka. Mpango mzima husimama juu ya mabega ya kiongozi wa kujitolea. Huyo ndiye yuleyule anayefundisha vipindi vingi kwa wiki, mwenye madaftari mia ya kusahihisha, anayekuwa zamu ya bweni, na ambaye nyumbani ana watoto wake. Akitoa Jumamosi yake kwa ajili ya Tuzo hapati posho, wala kazi hiyo haionekani katika hesabu ya kupandishwa cheo. Haishangazi basi kwamba katika shule nyingi Tuzo huishi na kufa na mtu mmoja: mwalimu fulani akihamishwa, wanafunzi waliokuwa katikati ya fedha hubaki na madaftari yao hewani. Ukiona vyaelea vimeundwa, na waundaji hula na kulala kama watu wengine. Tume ya Huduma ya Walimu inapompima mwalimu kwa matokeo ya mtihani na kuziacha saa alizowatumikia watoto nje ya darasa, inamwambia mwalimu huyo kwa lugha iliyo wazi kile ambacho serikali inakithamini. Bodi za shule nazo zingeweza kumpunguzia kiongozi wa Tuzo vipindi viwili vya wiki bila ya mbingu kuanguka. Uhamisho ungeweza kungoja mwisho wa mwaka. Na kila shule ingekuwa na viongozi wawili, mmoja akisomea kazi kwa mwenzake.

Kuna walimu wakuu watakaosema kwamba muda huo haupo, kwamba wazazi wanataka alama. Wanasema kweli kuhusu wazazi. Lakini mzazi hutaka pia mtoto atakayerudi nyumbani mzima, na hilo mara nyingi hulitambua akiwa amechelewa. Mkutano wa wazazi ambao hutumia saa tatu kusoma nafasi ya shule katika kaunti ungeweza kutumia nusu saa kumsikiliza kijana akieleza jinsi kikundi chake kilivyopotea njia, nani alilia, nani aligawa maji yake ya mwisho, na walirudije.

Mwalimu mkuu anayetaka kuanza hahitaji kungoja waraka. Saa moja ya Jumatano alasiri ikiachwa wazi katika ratiba, bila ya kunyang'anywa na somo la hisabati mtihani ukikaribia, inatosha kwa mazoezi, stadi na huduma kwa zamu. Safari inaweza kungoja likizo. Wakirudi siku ya pili jioni, na vumbi miguuni, kiongozi awakalishe chini hata kabla ya kuoga, amwulize kila mmoja ilikuwaje, na aandike daftarini kile kilichotokea hasa, pamoja na ugali uliowaungulia na mto walioshindwa kuuvuka wakalazimika kuuzunguka.